Breki Juu ya Mchanga

Madereva wa Ukambani wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila mmoja wao anaijua: kwenye mchanga, breki haiguswi. Ukiingia mto wa mchanga unaingia na mwendo wako, unakaza mikono kwenye usukani, na unatokea ng'ambo bila kupumzika. Ukigusa breki umesimama, ukisimama umezama, na ukizama utakaa papo hapo ukingoja ng'ombe wa watu waje wakuvute, huku akina mama waliokuja kuchimba maji wakikutazama na kuzibana mbavu zao kwa kicheko. Mutiso alikuwa ameishika sheria hiyo miaka ishirini na miwili, kwanza kwenye lori la mkaa, kisha kwenye Land Rover kuukuu ya kanisa, na tukisema kweli aliishika kuliko baadhi ya amri alizosomewa Jumapili. Aliringa nayo waziwazi. Dereva mwenzake akikwama mtoni, Mutiso alikuwa hasemi neno. Alikuwa akitazama tu mguu wa kulia wa huyo mwenzake.

Basi mwaka wa tisini na mbili, wafadhili wa mradi wa mifugo wa kanisa pale Ikutha walipoleta pikipiki ya magurudumu manne, hakuna aliyeuliza ataiendesha nani. Mutiso alikuwa dereva, alikuwa shemasi, na alikuwa hanywi. Pikipiki yenyewe ilikuwa nyekundu, imechuchumaa, na ina tairi nene zilizofura. Siku ya kwanza tu wenyeji wakaibatiza Punda wa Pasta, na jina likashika, ingawa Pasta Jonah mwenyewe hakulipenda hata kidogo.

Kabla ya kukabidhiwa, Mutiso alipelekwa Emali siku mbili kufundishwa. Mwalimu alikuwa Evanson Kahiga, mtu wa Nyeri aliyehamia kando ya barabara ya Mombasa na kufungua duka la vipuri, na ambaye ndiye aliyeziuza hizo mashine kwa miradi. Wanafunzi walikuwa sita, wote madereva kutoka Makueni na Kitui, watu wazima wenye vitambi vyao, wamekalishwa kwenye benchi na kupewa madaftari. Kahiga alikuwa mpole, mwenye sauti nyembamba, na alikuwa na mazoea ya kurudia kila jambo mara mbili. Madereva hao walimwona wa kuchosha.

Siku ya pili, karibu na saa sita, Kahiga aliinua ncha ya mbele ya pikipiki moja juu ya gogo, gurudumu la kushoto likabaki linaning'inia hewani.

"Hizi tairi mbili za nyuma zimefungwa pamoja, zinazunguka sawa," alisema. "Za mbele si hivyo. Za mbele zinagawana nguvu, na ile inayopata kazi rahisi ndiyo inachukua yote. Hii ya kushoto ikikosa pa kukanyaga itazunguka bure, na ile ya kulia italala, kumbe ndiyo iko kwa ardhi nzuri. Sasa unafanya nini? Usiache mafuta. Endelea kubonyeza mafuta na dole gumba, halafu shika breki ya mbele kidogo. Kidogo tu. Hii inayozunguka bure inabanwa, nguvu inaenda kwa ile ingine, na unatoka."

Mutiso aliinua mkono. "Hata kwa mchanga, mwalimu?"

"Hata kwa mchanga."

Mutiso akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na moyoni akacheka. Mtu wa Nyeri angejua nini juu ya mchanga? Huko kwao ni matope mekundu na chai. Hakubishana naye, maana yeye Mutiso alikuwa mgeni pale na chakula kilikuwa kizuri. Aliandika kwenye daftari lake, "Breki: mambo ya matope ya Nyeri," akamwonyesha jirani yake wa benchi, wakabanwa na kicheko kama watoto wa darasa la tatu. Hayo mengine yote aliyaandika kwa mkono mzuri, mstari kwa mstari. Jioni alipewa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na Jumapili iliyofuata Pasta Jonah alikiinua mbele ya waumini wote kabla ya mahubiri.

Miezi mitatu ya kwanza Punda wa Pasta alimletea Mutiso heshima tele. Alikuwa akimbeba Nzilani, afisa wa mifugo wa mradi, msichana mwenye diploma na maneno machache, hadi vijiji ambavyo Land Rover haikuwahi kufika. Mashine ikiwa na kasoro ndogo ilipelekwa kwa Kiema, fundi aliyekuwa na kibanda chake cha mabati pale sokoni. Kiema alikuwa fundi hasa. Alitengeneza baiskeli, injini za kusaga mahindi, redio, cherehani, na saa za ukutani. Ila alikuwa anakunywa, na kanisani alikuwa hakanyagi tangu alipozozana na wazee juu ya mazishi ya baba yake. Waumini walimletea kazi zao hivyo hivyo, wakimsikitikia kidogo huku wakipokea vitu vyao vilivyotengenezwa vizuri.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, Mutiso alimpelekea Kiema ile pikipiki kwa sababu breki za mbele zilikuwa zinakwaruza. Kiema alifungua magurudumu, akatoa mchanga uliojaa ndani, akafunga. "Sasa zinashika vizuri," alisema akijifuta mikono. Mutiso akamjibu kwa mzaha kwamba breki yeye haimhusu sana.

Jumanne asubuhi alipakia kisanduku cha barafu chenye chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi, akaondoka peke yake. Nzilani alikuwa ametangulia tangu jana yake, yuko ng'ambo ya mto Kalivu, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Mbinya, na watu walikuwa wameanza kukusanya mbuzi wao kwenye boma la mama huyo tangu alfajiri. Ugonjwa ulikuwa umesikika upande wa Mutha. Chanjo ilikuwa ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa barafu haingengoja.

Kalivu ni mto wa mchanga, mpana, na siku hiyo ulikuwa mkavu ila kijishipa kimoja cha maji katikati. Mutiso aliuvuka kwa mwendo wake wa siku zote. Kwenye ukingo wa pili ndipo mambo yalipoharibika. Mvua ya wiki iliyotangulia ilikuwa imemega njia, na alipopanda, gurudumu la mbele la kushoto lilibaki juu ya shimo, halina pa kukanyaga. La kulia lilikuwa limekaa juu ya mwamba mzuri, mkavu. Yale ya nyuma yalikuwa kwenye mchanga laini. Alibonyeza mafuta. Gurudumu la kushoto likazunguka kwa kelele hewani, la kulia likatulia juu ya mwamba wake kama lililolala, na ya nyuma yakaanza kujichimbia.

Alijaribu kwa saa mbili. Alifukua mchanga kwa mikono, akatandika matawi, akasukuma, akarudi, akabonyeza tena. Breki hakuigusa, hata mara moja. Haikumjia kichwani kwamba ingeweza kuguswa. Alikuwa juu ya mchanga, basi. Kwenye saa saba hivi alisikia sauti kutoka juu ya mto, sauti ambayo mtu wa huku haulizi ni ya nini. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye vilima, na mto ulikuwa unashuka. Mutiso alikimbilia kisanduku, kamba ikakataa kufunguka, maji yakamfika magotini, akakiacha. Aliparamia ukingo akishika mizizi, akageuka, akaona Punda wa Pasta akiinuliwa na maji mekundu na kupelekwa polepole, kiti kikiwa juu.

Mashine ilipatikana kesho yake, imekwama kwenye miti ya mgunga hatua mia mbili chini. Kisanduku hakikupatikana. Chanjo nyingine ilikuja baada ya wiki sita, na ugonjwa haukungoja. Mbinya alikuwa na mbuzi ishirini na wanne. Walibaki watano.

Lakini kabla ya mbuzi hao kufa, palikuwa na Jumapili. Kanisani mwao mtu aliyeponea kifo hutoka mbele akashuhudia, na Mutiso hangeweza kukaa kimya. Alisimama, suti yake ya harusi ikimbana mabega, akaeleza jinsi Mungu alivyomtoa majini. Watu wakasema amina. Kisha mzee mmoja wa kanisa, mwenye mashine ya kusaga unga, akauliza kutoka kwenye kiti chake ni kwa nini pikipiki mpya ya tairi nne ishindwe na ukingo.

Hapo ndipo neno lilipomponyoka. Angeweza kusema hajui. Lakini cheti chake kilikuwa kinaning'inia ofisini kwa pasta, na watu zaidi ya mia mbili walikuwa wanamtazama.

"Tairi moja ya mbele ilikuwa inazunguka," alisema. "Ile ingine ilikuwa imekufa. Haishiki. Na hizo tairi zilikuwa zimefunguliwa jana yake tu."

"Zilifunguliwa na nani?" mzee akauliza.

"Nyinyi mnajua ni nani hufungua vitu hapa sokoni," Mutiso akajibu. "Mimi simhukumu mtu. Nashukuru Mungu niko hai."

Watu wakapiga makofi, wimbo ukaanzishwa, na Pasta Jonah akahubiri juu ya kazi ya Bwana kuwekwa mikononi mwa walevi. Hakumtaja mtu jina. Hakukuwa na haja.

Mwenye mashine ya unga alianza kuita fundi kutoka Mutomo. Akina mama wakapeleka cherehani zao kwingine, vijana wa kwaya wakawa wanajifungia baiskeli zao wenyewe vibaya vibaya. Mbuzi walipoanza kufa kule ng'ambo, watu walitaja jina la Kiema katika kila boma, na Mbinya mwenyewe alikuja siku ya soko, akasimama mbele ya kile kibanda cha mabati kwa muda mrefu, akaenda zake. Kufikia mwezi wa nane kibanda kilikuwa kimefungwa. Mutiso aliyaona yote. Alijiambia kwamba fundi mzuri hafungi gurudumu likafa, na kwa kuwa aliyaamini hayo kwa dhati, alilala usingizi wake bila shida. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba alikuwa amelala vizuri.

Mashine ilitengenezwa huko Emali kwa Kahiga, ikarudi mwezi wa kumi na moja. Juma la pili Mutiso alitumwa kumpelekea Nzilani dawa ya kuogeshea mbuzi, njia ile ile, mto ule ule. Alikuwa peke yake, ni asubuhi, jua limeshachoma. Akavuka mchanga, akapanda ukingo, na gurudumu la kushoto likaenda kwenye shimo lile lile, ambalo hakuna aliyelijaza.

Likaanza kuzunguka bure. La kulia likalala. Mutiso alihisi jasho likimtoka mgongoni, na cha kwanza kilichomjia ni hasira: kumbe hata Kahiga na karakana yake nzima hawakuweza kuitengeneza. Akabonyeza mafuta zaidi. Mashine ikainuka kidogo, kisha ikaanza kuteleza kinyumenyume kuelekea mtoni, na hapo mwili wake ukafanya jambo ambalo hakuuruhusu. Aliogopa, akajikunyata, akakamata kila kilichokuwa chini ya vidole vyake. Dole gumba lilikuwa bado kwenye mafuta. Vidole vilivyobaki vilikuwa vimebana breki.

Gurudumu la kushoto likapunguza kelele. La kulia likaanza kuzunguka juu ya mwamba, likauma, na Punda wa Pasta akapanda ule ukingo taratibu, bila fujo, akasimama juu kwenye nyasi.

Mutiso alikaa juu ya kiti muda fulani, injini ikinguruma. Kisha akafanya jambo la mtu ambaye anataka sana awe amekosea: akageuza mashine, akarudi mtoni, akapanda tena pale pale. Bila breki, ilikwama. Kwa breki kidogo, ikatoka. Akarudia mara ya tatu. Mara ya nne hakumaliza, alishuka akakaa chini, uso wake ukiwaka.

Mashine haikuwa na kasoro. Haikuwa na kasoro mwezi wa nne, na haikuwa na kasoro sasa. Breki zile zilizokwanguliwa mchanga na Kiema kwa mikono yake, ndizo zingemtoa, siku hiyo hiyo, dakika ile ile, na chanjo ikafika na barafu yake. Hakuhitaji kukumbuka maneno ya Kahiga. Yalikuwa yanamjia yenyewe kwa ile sauti nyembamba, mara mbili mbili. Mutiso aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu awe mtu mzima, aibu ya kutaka kuivua ngozi. Hapakuwa na mtu wa kumwona pale mtoni, na bado aliinamisha kichwa.

Alifikisha dawa kwa Nzilani, bomani kwa Mbinya. Mbinya alimpa uji, akamwita "mwanangu," na Mutiso akaurudisha uji haujapungua.

Alipofika nyumbani alilitafuta daftari la Emali, akalifungua mbele ya mkewe Kalunde aliyekuwa anachambua pojo uani. Akamwonyesha ule mstari. Kalunde, aliyesoma hadi darasa la saba na aliyesoma kila kitu polepole, alisoma, akamtazama.

"Hii inasema nini, Baba Mwende?"

Akamwambia yote. Kalunde hakuacha kuchambua. Pojo nzuri zilikwenda upande huu, mbovu upande ule, mpaka alipomaliza kusikia.

"Kwa hivyo Kiema hana kosa," alisema.

"Hana."

"Na mbuzi za Mbinya ni wewe."

Mutiso aliinamisha kichwa kukubali.

"Nani anajua?"

"Mimi. Sasa na wewe."

Alikuwa anatarajia kitu fulani kutoka kwake, pengine amwambie waache yapite. Usiku na mchana alikuwa na mke huyo miaka kumi na sita na alijua anampenda. Kalunde alijifuta mikono kwenye leso, akasema, "Mimi sitaki kujua hii kitu peke yangu na wewe. Enda useme."

Basi Jumapili akasema. Lakini aliyasema vipi? Alikuwa ameyapanga maneno tangu Alhamisi, na maneno yaliyopangwa siku tatu huwa yamesuguliwa kona zote. Alisema kwamba shetani alimfunika macho. Alisema kwamba ile mashine ina siri nyingi, na kwamba Bwana katika neema yake amemfunulia siri moja kule mtoni, na sasa anajua kwamba ile siku si fundi aliyekosea, ni ujuzi uliokuwa haujafika. Hakutaja daftari. Hakutaja kwamba alikuwa ameuliza swali na kujibiwa. Jina la Kiema lilitoka mara moja, kwa haraka, kati ya Bwana na neema.

Pasta Jonah alishuka kutoka mimbarini akamkumbatia. Aliwaambia waumini kwamba huu ndio unyenyekevu, dereva mwenye cheti kusimama na kusema hakujua. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu, akina mama wawili wakalia, na mwenye mashine ya unga akamshika mkono mlangoni. Mutiso alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Kalunde alitembea mbele yake njia nzima, na hakugeuka.

Jumatatu alikwenda kwa Kiema. Alimkuta kando ya barabara, nje kidogo ya soko, amekaa chini kwenye kivuli cha gunia lililofungwa kwenye vijiti, anaponda kokoto. Mikono iliyokuwa inafungua saa ilikuwa imefungwa vitambaa. Kulikuwa na marundo mawili mbele yake, moja la mawe makubwa na moja la madogo.

"Kiema," Mutiso alisema.

"Mutiso. Keti."

Hapakuwa na mahali pa kuketi ila juu ya mawe, naye akaketi juu ya mawe. Akaeleza. Safari hii alieleza vizuri zaidi kidogo, kwa sababu nyundo ya Kiema haikusimama na ilimlazimu kupaza sauti. Akamaliza kwa kusema kwamba ameshashuhudia kanisani mbele ya watu wote, na kwamba ameomba msamaha.

"Umeomba nani?" Kiema akauliza.

"Nimeomba Mungu. Na kanisa."

"Walifanya nini?"

"Nani?"

"Hao watu wa kanisa. Ulipomaliza."

Mutiso alitazama chini. "Walipiga makofi."

Kiema aligonga jiwe, likapasuka mara mbili, akasukuma vipande kwenye rundo dogo. "Na ile siku ya kwanza?"

Kiema hakungoja jibu. Aliweka jiwe jingine.

"Mimi nilikuwa najua," Kiema alisema. "Hiyo mashini niliifungua mwenyewe, nikaona vile tairi za mbele zinagawana. Si ilikuwa mbele yangu? Mwezi wa sita nilienda kwa pasta nikamwambia, mashini ikirudi kutoka Emali, ilete kwa mto, nitaipandisha hapo ukiangalia. Akasema ataliombea hilo jambo." Alicheka kidogo, bila furaha wala chuki. "Nikangoja wewe. Nikasema Mutiso ni dereva, iko siku atajua."

"Nisamehe, Kiema."

"Ulinisema mahali mimi siko. Sasa umenisafisha mahali mimi siko. Mimi nisikie wapi? Huyu mama wa mbuzi asikie wapi, na yeye ni wa kanisa ingine? Hawa watu wote wa cherehani, wa baiskeli, wa Mutha, wa Kasaala, wanajua wewe ulisema nini, kwa sababu mabaya yanatembea. Hiyo ya jana imetembea mpaka wapi? Mimi nimetoka sokoni sasa hivi. Hakuna mtu ameniambia."

Mutiso alikaa na aibu yake juu ya yale mawe. Wepesi wote wa jana ulikuwa umemtoka, na mahali pake akaona sasa alichofanya Jumapili: alikuwa ameichukua hasara ya mtu mwingine akaipeleka kanisani ikamletea sifa, mara ya pili.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Alhamisi ni soko ya mbuzi," Kiema alisema. "Watu wote wanakuja. Leta mashini."

Alhamisi, saa nne, uwanja wa mnada wa mbuzi ulikuwa umejaa hadi kwenye ua wa miiba, walikosimama wauza ng'ombe. Mutiso aliingia na Punda wa Pasta polepole, watu wakimpisha. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi. Kalunde alikuwa amekuja, amesimama kando ya wauza vitunguu, mikono ameifunga kifuani. Nzilani alikuwepo na mabomba yake ya chanjo. Mutiso alikuwa amepeleka ujumbe kwa Mbinya kwamba aje, bila kumwambia ni kwa nini, na Mbinya alikuwa amekuja na mbuzi mmoja wa kuuza kati ya wale watano.

Kiema alikuwa ameleta gogo. Akaliweka chini ya gurudumu la mbele la kulia, la kushoto likabaki linaning'inia hewani, akachimba kwa jembe chini ya yale ya nyuma mpaka yakakaa kwenye vumbi laini, kisha akarudi nyuma akasimama na watu wengine.

Mutiso akabonyeza mafuta. Gurudumu la kushoto likazunguka bure, vumbi likaruka, mbuzi wakapiga kelele. Akaacha. Kisha akabonyeza tena, akashika breki ya mbele kidogo, na mashine ikalipanda gogo ikashuka upande wa pili. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Watu wakatazamana, hawajaelewa wanaonyeshwa nini.

Akazima injini, akasimama juu ya vikanyagio ili aonekane. Alikuwa hajapanga maneno.

"Mwezi wa nne nilikwama Kalivu na chanjo ya mbuzi zenu," alisema. "Nikasema ni Kiema aliharibu tairi. Ni uongo. Hii mashini ilikuwa mzima. Kiema aliitengeneza vizuri. Hii kitu nimefanya sasa na breki, nilifundishwa Emali. Niliuliza mwalimu swali na akanijibu. Mimi nikamcheka, nikaandika kwa kitabu kwamba ni ujinga wa watu wa milimani, kwa sababu nilijiona najua mchanga kuliko kila mtu. Ningeshika hiyo breki, chanjo ingefika. Mbuzi zilikufa kwa sababu yangu. Mama Mbinya, zako kumi na tisa ni mimi."

Waliosikia walikuwa wa upande wa mbele tu. Mbinya alikuwa anamtazama, kamba ya mbuzi wake imezungushwa mkononi, na uso wake haukuwa na chochote ambacho Mutiso angeweza kukishika kimsaidie. Mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka, akanyamazishwa. Mutiso alihisi masikio yakiwaka moto. Alitaka kushuka, awashe injini, aondoke, na akaanza kuinama atafute ufunguo.

"Mutiso," Kiema akaita kutoka kwenye umati, kwa sauti ya kawaida. "Wale wa huko nyuma, wa ng'ombe, hawajasikia."

Mutiso alitazama upande wa ng'ombe. Walikuwa wengi, na wengine walikuwa ndio kwanza wanageuka kuuliza kuna nini. Akanyooka tena juu ya vikanyagio, akaweka mikono mdomoni ili sauti ifike, akaanza upya, kutoka mwezi wa nne.